Historia ya Fundi Patrobas Shiundu na Jembe la Arobaini na Moja

Mchungaji, wazee, akina mama wa Mbotela, na nyinyi mliotoka Mukuru kwa Reuben na Lucky Summer kuja kukaa nasi leo Ijumaa, tarehe 13 Machi 2026, kabla hatujamsafirisha marehemu, mimi naitwa Nasike, ni dada yake na ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Familia imeniomba nisome maisha ya kaka yangu kwa sababu mjane wake, Warigia, amelia hadi sauti imekauka. Niliambiwa niandike ukurasa mmoja. Nimeandika zaidi, na mwenye njaa avumilie, chai iko jikoni na haitakimbia.

Marehemu Patrobas Shiundu alizaliwa tarehe 3 Februari 1961 katika kijiji cha Lugunga, kando ya ziwa, Kaunti ya Busia, akiwa mtoto wa tatu kati ya sisi saba, na mama alizoea kusema kwamba alitoka tumboni amekunja ngumi, wala hakuzifungua hadi alipopewa kitu cha kushika. Alisoma Shule ya Msingi ya Lugunga kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akafanya mtihani wa darasa la saba na kupita vizuri kwa hesabu, ila kuimba hakuweza hata kidogo, na waliokaa karibu naye kanisani ni mashahidi. Karo ya sekondari ilikosekana, hivyo akaingia chuo cha ufundi cha kijiji, akajifunza useremala kwa miaka mitatu.

Alifika Nairobi mwezi wa Januari 1980, akapata kibarua katika kiwanda kimoja cha misumari Industrial Area, akakaa Mukuru kwa Reuben katika chumba ambacho yeye na wenzake wawili walilala kwa zamu, na hapo alidumu hadi tarehe 30 Septemba 1993, kiwanda kilipopunguza watu. Hakulia. Alinunua randa, msumeno na tezo, akafungua kibanda karibu na Jogoo Road, hapa Mbotela, akawa fundi wa kutia mipini kwenye majembe, mashoka na sururu, akishirikiana na jirani yake Mativo, ambaye yuko nasi hapa. Wengi wenu mnajua tabia yake. Hakutia mpini bila kuona mikono ya atakayeutumia, alimwambia mteja anyooshe mikono, anaipima kwa macho, anamshika viganja, kisha ndipo achague mti, na akitumwa mtu kuchukua jembe la mwingine, alimrudisha akamlete mwenyewe. Wateja walimnung'unikia, halafu wakarudi.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Warigia, binti wa Murang'a, muuza mboga, baada ya mwaka mzima wa kwenda na kurudi kwa wakwe ambao hawakutaka kusikia habari za mtu wa kutoka ziwani, na mkwe wake alikubali siku alipotiwa mpini kwenye shoka lake akapasua kuni asubuhi nzima bila kuumwa mgongo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Sydney, aliyezaliwa mwaka 1991, fundi wa umeme anayeishi Lucky Summer, na Shirleen, aliyezaliwa mwaka 1995, mwalimu wa chekechea, na mjukuu mmoja ambaye amerithi ngumi za babu yake.

Sasa nafika mahali ambapo Sydney aliniomba nipapite upesi. Sitapapita upesi. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, siamini mambo ya vivuli, na kama kuna mtu hapa anayeweza kunipa maelezo mengine, nitamsikiliza baada ya ibada.

Jumamosi tarehe 27 Aprili 2024, saa kumi alasiri, kimbunga kilitoka ziwani kikapita Lugunga, kikang'oa mapaa, mto ukavunja kingo zake ukafuata nyuma, na kulipotulia, wakulima wadogo sitini na wanne hawakuwa na mbegu, wala jembe, wala mpaka wa shamba wa kuonyesha kwa kidole. Kaka hakungoja kuombwa. Alitundika gunia mbele ya kibanda akawaambia wapita njia watie chochote kinachoota au kinachochimba, na watu wakatia, akina mama wa Mbotela walileta maharagwe na mahindi ya mbegu kwa kopo la gorogoro, kanisa la Lucky Summer likatoa mtama, na Mukuru kwa Reuben, ambako maji yalikuwa yameingia majumbani mwao wenyewe, vijana wa vibarua walimletea majembe yaliyochakaa wakamwambia, "Mzae, chukua hizi, sisi shamba hatunanga, lakini mtaro tushachimba." Alikwenda kando akafuta macho. Mativo alimwona.

Ila sasa fundi wetu alikuwa na majembe sitini na manne ya watu ambao mikono yao hakuiona, jambo lililomkosesha raha, na kwa kuwa hakuweza kuwaita wote Nairobi, alisema angalau ajue majina, ili kila mpini autie akimfikiria mtu. Karani wa kikundi cha wakulima Lugunga akamtumia orodha. Kaka alitia mipini wiki tano, kila mmoja akauchoma namba kwa chuma cha moto, na namba arobaini na moja ilikuwa ya Wabwire Sikuku.

Kosa lilikuwa hapo. Orodha ile iliandikwa kabla ya kimbunga. Wabwire alikuwa amechukuliwa na mto siku ile ile akijaribu kumfungua ng'ombe wake, mwili haukupatikana, na tarehe 25 Mei wazee walizika mgomba wa ndizi mahali pake, kama inavyofanywa katika ukoo wetu kwa mtu aliyemezwa na maji. Aliyezikwa hivyo jina lake haliitwi tena kwa sauti mahali pa wazi, kwa maana hana mwili wa kumshikilia chini, na akiitwa anaweza kuja; mimi nalitaja leo kwa sababu mtakayoisikia mbele. Kila mtu Lugunga alilijua hilo. Kaka alikuwa Mbotela akichoma mipini, na hakuna aliyefikiria kumpigia simu.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa tano asubuhi, katika uwanja wa shule tuliyosoma sote, akasimama akasoma majina kwa ile sauti yake nene, na alipofika namba arobaini na moja akaita Wabwire Sikuku, na sauti ya mwanamume kutoka upande wa ua ikajibu, "Nipo." Nilikuwepo. Alikuja amejifunika gunia kichwani kwa sababu ya manyunyu, akapita katikati ya watu waliokuwa wanainama mmoja mmoja kutazama ardhi, akanyoosha mikono mbele ya kaka kabla hajaambiwa, kama mteja wa zamani, kaka akaishika akaipima, akampa jembe na mbegu, yule akatia dole gumba kwenye daftari, akashukuru, akaondoka. Kaka alidhani watu wameinama kwa njaa, akaendelea na namba arobaini na mbili. Aliniambia jioni kwamba mikono ile ilikuwa baridi sana na mpini ulikuwa umeikaa vizuri kuliko yote.

Nilisema ni mwizi, na mwizi wa jembe ni mwizi tu hata akijifunika gunia. Lakini daftari ninalo hapa mkononi, alama za wengine sitini na tatu zimekauka na kufifia, ile moja ukiigusa mpaka leo inakuachia tope kidoleni. Nimeigusa mara moja. Sirudii.

Kaka alipoambiwa ukweli hakula siku mbili. Tarehe 22 Juni alirudi Lugunga na jembe jingine kwa ajili ya mjane wa Wabwire, Triza, ambaye ukuta ulimwangukia siku ya kimbunga ukamvunja nyonga, hatembei bila gongo, na ana watoto watatu wadogo. Shemeji yake alikuwa amekwisha kuwaambia wazee kwamba nyumba isiyo na mwanamume haina haja ya shamba, na wazee, Mungu awasamehe, wakaamua kwamba siku mvua itakapolikuta shamba hilo halijalimwa, litakuwa la shemeji. Kaka alifika akijiandaa kugombana. Akalikuta limelimwa lote, mistari imenyooka, udongo bado mbichi, na Triza amekaa mlangoni, gongo magotini, anasema hajui, alisikia tu jembe likigonga ardhi kuanzia alfajiri na hakutoka kutazama. Kaka akapanda zile mbegu mwenyewe.

Ikawa hivyo Agosti ya mwaka ule, na Februari ya mwaka 2025, kila msimu shamba limelimwa kabla ya mvua, na shemeji akawa anapita njia nyingine akienda sokoni. Kila msimu kaka alikwenda na mbegu mlizochanga, akapanda, akaketi pembeni mwa shamba hadi adhuhuri, kisha akarudi hapa kazini. Mimi nilimcheka. Nilimwambia kama wafu wanalima, basi waje na kwangu, nina nusu eka. Hakucheka. Alisema, "Nasike, yule alikuwa amelala. Mimi ndiye niliyemwita kazini, na mtu ukimwita kazini humwachi afanye peke yake."

Mwezi wa Mei 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, akatibiwa hospitali moja hapa mjini, na kufikia Agosti hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushikwa pande mbili. Nilikuja kumsaidia Warigia kumuuguza, nikawa nalala kwenye kochi lililozuia mlango, ufunguo nimeufunga kwenye leso kiunoni. Asubuhi ya tarehe 19 Agosti nilimletea uji nikamkuta viganja vimejaa malengelenge mapya, kucha zina udongo mweusi wa Lugunga, ambao naujua kama ninavyoujua uso wa mama yangu, na shuka upande wa miguu lina tope. Mlango ulikuwa umefungwa. Kabla uji haujapoa simu ikalia, ni Triza, anasema shamba limelimwa, lakini safari hii alisikia majembe mawili.

Warigia alimwosha mikono, akafua shuka mara mbili. Mimi niliogopa, nasema wazi mbele yenu, nilimwogopa kaka yangu wa damu, na siku tatu nilimpa uji nikiwa nimesimama mbali, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kufa kwake. Siku ya nne alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto, kigumu, kile kile. Akaniambia kwamba yeye na Wabwire wamekubaliana, kwamba wakati wake ukifika atamchukua mwenzake waende pamoja kupumzika, ila shamba litabaki bila mtu.

Aliaga dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 5 Machi 2026, nyumbani kwake Mbotela, Warigia akiwa amemshika upande mmoja na mimi upande wa pili, mikono yake imefunguka.

Jana asubuhi nilimpigia Triza. Shamba lina magugu hadi magotini. Kwa mara ya kwanza tangu kimbunga, halijalimwa, Triza amekesha siku saba akisikiliza na hajasikia kitu, na shemeji amekwisha kukodi ng'ombe wa kulima siku ya Jumatatu. Redio inasema mvua ni Jumapili. Kesho ni Jumamosi. Nyinyi mlitoa mbegu mkatoa majembe, na sina aibu kuwaomba tena, kesho tukishamfukia kaka yangu kule Lugunga, kabla ya chakula na kabla ya picha, majembe yatakayokuwa kaburini yasirudishwe, tutatoka nayo moja kwa moja hadi kwa Triza, ni mwendo wa dakika kumi. Mimi nina miaka hamsini na tisa na magoti mabovu, nitashika mstari wa kwanza. Sydney na Shirleen wamekubali kushika wa pili na wa tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Mativo aliyefungua kibanda kila siku ili kaka asikie randa kutoka kitandani, majirani wa Mbotela kwa chakula na kwa kutouliza maswali, vijana wa Mukuru kwa Reuben waliokodi basi, na kanisa la Lucky Summer kwa maombi. Mungu awarudishie.

Kaka Patrobas, pumzika kwa amani, pamoja na Wabwire uliyemwita. Kesho alfajiri msiamke nyinyi wawili, shamba tutalima sisi.