Pombe Aliyopewa Mutoto wa Jirani

Wamama, wababa, amani kwenu mulio Wakristo, amani kwenu mulio Waislamu. Sijazoea kusimama mbele ya watu.

Wakati wa vita nilikuwa binti mudogo. Watu wenye silaha walituchukua karibu na Kampene, mimi na rafiki yangu, tuwabebee mizigo hadi Kindu. Kila asubuhi walitunywesha lotoko, ile pombe kali ya mahindi, kusudi tusisikie uzito wala woga. Siku moja rafiki yangu alikaa chini katikati ya pori, akashindwa kuamuka. Walinisukuma mbele. Sikumuona tena.

Ndugu zangu, nawaambia neno nililolificha miaka mingi. Kila nilipokunywa, nilisikia miguu yake nyuma yangu, miguu mitupu kwenye majani. Nikigeuka, hakuna muntu. Vita viliisha, nikapokelewa na dada yangu hapa Kindu, na ile miguu ikaja pia. Nisipokunywa, kimya. Basi nilikunywa, ili asibaki peke yake.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na nganda pale pale nyumbani, watu wanakuja kukunywa. Njo yeye alinilisha na kunivika, na pombe hakuninyima.

Halafu ikawa muchana mumoja, jua kali, njia tupu. Binti wa jirani, bado wa shule ya msingi, alitoka kwenye nganda akiyumba. Akanishika nguo.

"Mama, huyu mutoto anayekufuata ni nani?"

"Mutoto gani?"

"Huyu mwenye muzigo kichwani. Anasema miguu inamuuma."

Siku ile nilikuwa sijakunywa. Na habari ya mizigo sikuwa nimemwambia muntu. Sikugeuka.

"Nani amekupa pombe?"

Akaonyesha nyumbani kwetu. "Baba wa nganda. Wababa walitaka nicheze."

Kisha akaanguka. Nilimubeba mugongoni hadi hospitali. Njia nzima miguu ile ilikuwa nyuma yetu, nami sina pombe tumboni. Nilipokimbia, nayo ilikimbia.

Mutoto alipona. Shemeji akanifuata pale hospitalini.

"Shemeji, tumalize nyumbani. Nimekwisha kuongea na mama yake, nitampa mbuzi. Miaka hii yote nani alikulisha?"

"Ni wewe."

"Basi nyamaza."

Nilienda polisi. Mbele ya juji, shemeji alisema, "Nilimupa kidogo tu, tulikuwa tunacheka." Juji akamujibu, "Asiyetimiza miaka kumi na nane hapewi pombe. Sheria haiulizi kama ni kidogo." Kisha akaniuliza mimi. Nilisema nilichokiona. Nikasema pia nilivyofanywa na pombe tangu utoto. Shemeji alipewa boloko na lamande, kifungo na faini, nganda ikafungwa. Jioni nilikuta nguo zangu njiani, dada yangu amezitupa.

Mulinipokea ninyi mulio hapa, nikaacha pombe. Nilitapika, nilitoka jasho, nilizungumuza na ukuta. Pombe ilipoisha mwilini, nilingoja ile miguu. Haikuja. Nililia kama muntu yuko matanga, kwa maana ndipo nilimuzika rafiki yangu.

Aksanti kwako mama uliyenipa kitanda chako ukalala kwenye mukeka. Aksanti kwako baba uliyenisindikiza tribinali kwa juji, wakati jamaa zangu walinigeuzia mugongo. Na dada yangu, Mungu amubariki: juzi alinitumia sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila neno, lakini alituma.

Shemeji nilimupelekea chakula kule boloko. Mwanzo alikirudisha. Baadaye alikula.

Kwa hiyo nawaomba neno moja. Mukubwa akimupa mutoto pombe, musikubali yamalizwe nyumbani, hata kama njo yeye anayewalisha. Muende museme. Kisha mumupelekee chakula.