Usingizi wa Fundi Spoku

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi baiskeli, baba wa binti mmoja. Watu walimwita Spoku, ule waya wa gurudumu, kwa wembamba wake. Mwenyewe hakuchukia. "Spoku ni nyembamba," alikuwa akisema, "lakini ndiyo inayombeba mnene."

Fundi alikuwa na kisukari. Kilimlaza wodini, kikamtesa, kisha Mungu akamjalia nafuu. Akaruhusiwa kurudi nyumbani. Shikeni hilo, wapendwa: fundi alitoka hospitali kwa miguu yake, akiwatania wauguzi.

Siku hiyo muuguzi aliita ndugu aje kuelezwa dawa. Mke wa fundi akainuka. Kaka mkubwa wa fundi akamzuia.

"Shemeji, wewe kafunge mizigo. Huku nipo mimi."

Mke hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Akaenda kusubiri getini na ndoo, mto na chupa ya chai. Fundi naye alikuwa nyuma ya pazia, anabadili nguo.

Muuguzi akaeleza. Vidonge hivi vya njano ni dawa ile ile ya vidonge vyeupe vilivyobaki nyumbani. Tofauti ni rangi tu. Vyeupe asimeze tena. Na akilowa jasho na kusinzia ovyo, ujue sukari imeshuka mno. Apewe kitu kitamu upesi, arudishwe hapa.

"Umenielewa, mzee?"

"Mwanangu, mimi si mtoto," kaka akajibu, funguo za gari zikicheza kidoleni.

Getini mke akauliza, "Wamesemaje?"

"Ameze dawa, asubuhi na jioni. Panda gari."

Basi, mke akampa dawa. Akampa zote. Nyeupe, kwa sababu dawa haitupwi. Njano, kwa sababu hospitali imetoa. Kila kidonge alikiombea kwanza. Fundi alimeza, akaonja chakula kidogo, akasukuma sahani.

Kesho yake mchana akalala fofofo. Binti yake anasimulia: "Mama alisema tusipige kelele, baba kapata usingizi, wodini hakuupata." Wateja waliobisha hodi walinyamazishwa kwa kidole. Kaka mkubwa akaja, akamgusa ndugu yake kwenye paji la uso. Limelowa chepechepe.

"Homa inatoka," akasema. "Mwacheni apumzike."

Mke akampangusa jasho. Likatoka tena, akampangusa tena, akimshukuru Mungu kwa usingizi ule. Walipokwenda kumwamsha ale, hakuamka.

Msibani muuguzi alikuja kutoa pole. Akamuuliza kaka, watu wakisikia, "Mzee, si nilikueleza vile vyeupe asimeze tena?"

"Mimi sikumpa kidonge hata kimoja," kaka akajibu. "Mambo ya vidonge ni ya wanawake. Mkono uliompa ni wa mkewe."

Watu wote wakamgeukia mjane. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari ya vidonge vyeupe. Akatazama mkono wake. "Ni kweli, shemeji," akasema. "Ni huu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane, tunampa pole binti, tunaipa pole familia nzima. Mungu amlaze fundi mahali pema. Nanyi mnaoitikia mbele ya muuguzi, jiulizeni: nyumbani, nani hasa anampa mgonjwa dawa? Yuko wapi wakati ninyi mnaelezwa?

Mjane huyo, tunaambiwa, hamwachi tena binti yake alale mchana. Akimkuta amesinzia, humtikisa mpaka alie. Akishalia, ndipo humwacha.