Bibi wa Kisimani na Miaka Thelathini na Nane ya Bi Tsukuda Fumie

Jumatatu tarehe 31 Machi 2025, Bi Tsukuda Fumie, mwandishi mkuu wa hadithi za michezo ya video hapa kampuni yetu ya Nejiya, anastaafu. Ametumika miaka thelathini na nane na miezi kumi na moja. Amefikisha sitini na tano, na kanuni ni kanuni. Kanuni hiyohiyo ilinikuta mimi miaka tisa iliyopita, ila mtambo wa maji ya moto ulikataa kuwaka kwa mkono wa mtu mwingine, wakaja kunibembeleza nirudi.

Ofisi imeniomba mimi, Kakehi, mtunza jengo, niandike ukurasa huu wa jarida letu. Wasomi humu wamejaa tele, lakini tuliomjua Bi Tsukuda tangu mwanzo tumebaki wawili tu, mimi na Bwana Hirokane wa programu. Na Hirokane akiandika sentensi mbili za maneno ya kawaida anaumwa kichwa siku nzima.

Bi Tsukuda hakuanza kazi kwenye michezo ya video. Alikuwa mwongozaji wa basi la matembezi, yule dada wa kofia na glavu nyeupe anayesimama mbele na kipaza sauti akiwasimulia abiria habari za kila mlima. Mwezi wa tatu mwaka 1986 marehemu Bosi Nishiwaki alitupeleka kisiwa cha Awaji kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto, na mwongozaji wetu alikuwa yeye. Akaanza kisa cha mlinzi wa mnara wa taa aliyegombana na mke wake kwa sababu ya paka. Basi likafika hotelini kisa hakijaisha. Dereva akafungua mlango. Hakushuka mtu. Tulikaa humo dakika ishirini, watu wazima na mabegi mapajani, mpaka yule paka alipopatikana. Bosi aliposhuka alimuuliza kama angependa kuwasimulia watu ambao hawezi kuwaona. Mwezi wa tano alikuwa kwenye meza yake, ghorofa ya pili, juu ya kiwanda cha parafujo, sakafu ikitetemeka kila mashine za chini zikianza kazi.

Tabia ya basi haikumtoka. Mpaka leo kila sentensi anaisema kwanza kwa sauti, akitembea kwenye ukumbi na rula mkononi kama kipaza sauti. Mjumbe mmoja wa vifurushi aliwahi kukimbia akaacha mzigo mlangoni, maana alimkuta mama wa watu akiuambia ukuta kwamba atauteketeza ufalme wote kabla ya alfajiri. Ilibidi nimfuate na baiskeli mpaka stesheni kumweleza kwamba ndiyo kazi yenyewe.

Jambo lingine, na hili nimeruhusiwa kulisema: hajui kucheza. Ameandika michezo kumi na tisa, mitatu imepata tuzo, na hakuna hata mmoja ambao amempita adui wa mwanzo, popo wa kwanza. Popo wa kwanza ni mnyonge, wanangu, amewekwa pale ili mtu apate moyo. Kwa hiyo sisi tunacheza, yeye anakaa pembeni na chungwa lake, na ikifika sehemu ya huzuni analia kana kwamba kaandika mtu mwingine.

Sasa niwaambie habari ya mwaka 1992. Vijana mnaijua nusu tu, tena nusu isiyo na mimi.

Tulikuwa watu ishirini na saba. Michezo miwili iliyotangulia ilikuwa imekaa madukani mpaka maboksi yakapauka. Bosi alitukusanya akatuambia bila kuzunguka kwamba huu wa tatu, Daraja la Ukungu, usipokuwa madukani kabla ya mwaka mpya, kila mtu atafute kwa kwenda. Kiwanda cha kutengeneza kaseti za michezo kilitupa siku moja tu: Ijumaa ya katikati ya Oktoba, kabla ya adhuhuri. Zamani hizo ukishapeleka kaseti kiwandani hakuna kurekebisha baadaye. Kilichomo kimo.

Kwenye mchezo huo kuna kijiji, na kijijini kuna bibi anaitwa Otsune, anayempikia shujaa supu ya majimbi kabla hajaenda safari. Kwenye hadithi ya mwanzo Otsune alikuwa anaishi mpaka mwisho. Lakini kiangazi cha mwaka ule Bi Tsukuda alimzika bibi yake mzaa mama, kule Tottori, aliyemlea toka ana miaka mitatu. Alirudi na nguo zinanuka ubani, akakaa mezani, akaiandika sura ya tatu upya. Shujaa yuko mbali, na Otsune anafariki hawajaagana. Wachoraji wakaambiwa, wa muziki akaambiwa. Mimi niliifikia sura hiyo nikiujaribu mchezo, Jumatatu ya wiki ya mwisho, saa ya chakula, machozi yakanitoka, nikawaambia watu ni vitunguu.

Maana Nejiya tulikuwa na desturi, na bado tunayo. Wiki ya mwisho jengo zima linacheza, mpishi, mhasibu, mtunza jengo. Wajaribu wenyewe, wale wanaolipwa kwa kazi hiyo, wanabonyeza haraka kama kuku anadonoa, hawasomi kitu. Bosi alitaka mtu anayesoma kila neno. Na hapa ndani hakuna anayesoma polepole kunishinda, hilo nalisema bila aibu, niliacha shule na miaka kumi na tano.

Jumatano mchana nilikuwa sura ya saba. Hadithi ilikuwa inanituma kaskazini. Mimi nikapotea, nikatokea kijijini. Na pale kisimani, amesimama na aproni yake, Bibi Otsune. Nikambonyeza, ndivyo mtu wa mchezoni anavyosemeshwa. Akasema: «Daraja limekatika. Pitia chini mtoni.»

Basi nikafurahi. Nikaacha pedi ya kuchezea, nikapanda ghorofani, nikamwambia Bi Tsukuda mbele ya watu kwamba amefanya la maana kumfufua yule mama, kile kifo kilikuwa kimeniharibia wiki.

Uso wake ukawa mweupe kama tofu.

Kwenye kazi hii kila mtu wa kijijini ana mstari wake kwenye orodha: anasimama wapi, anasema nini, anaondoka sura ya ngapi. Orodha aliiandika yeye mwenyewe. Alimuua Otsune sura ya tatu, akasahau kumfuta sura ya saba. Mwezi mzima watu wanane walikuwa wameujaribu mchezo, na hakuna aliyerudi kijijini, kwa sababu hakuna aliyetumwa.

Tukaitana chumba cha chai. Hirokane, wakati huo ana nywele, alieleza kwamba ukimtoa mtu mmoja kwenye orodha, wote walio chini yake wanasogea, na inabidi kujaribu mchezo mzima upya. Siku kumi. Sisi tulikuwa na mbili. Mhasibu akasema basi tumwache, nani ataona. Mtu wa mauzo akasema wataona wote, wataandika magazetini, maiti ya Nejiya inayotoa habari za barabara, nchi nzima itacheka.

Bi Tsukuda aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Akasema kosa ni lake peke yake, na kama Bosi anataka aondoke leo ataondoka leo. Kisha akaongeza jambo ambalo hakulipanga, nadhani. Akasema, «Nifukuzeni. Ila wasimcheke bibi yangu.»

Mashine za parafujo zilikuwa zinagonga huko chini.

Bosi Nishiwaki hakumwangalia yeye, alimwangalia Hirokane. Akamuuliza ni kitu gani kinaweza kubadilishwa bila kusogeza chochote. Hirokane akafikiri, akasema ni herufi peke yake. Maneno ya bibi yanaweza kufutwa na kuandikwa mengine, mradi herufi ziwe idadi ileile, isizidi wala kupungua. Ngapi? Thelathini na moja.

Bosi akamwambia Bi Tsukuda, «Una mpaka saa kumi. Mfanye awe na sababu ya kuwepo pale.»

Akatoka na rula yake. Mimi nikachukua ufagio nikaufagia ule ukumbi ambao nilikuwa nimeufagia asubuhi. Alikwenda na kurudi, anahesabu kwa vidole. Mara ya kwanza alimfanya Otsune mzimu anayeeleza habari za ahera, zikawa herufi sitini. Mara ya pili akamfanya ni ndoto, akaitema mwenyewe kabla haijaisha. Mara ya tatu alimfanya pacha wa marehemu, na hapo nilicheka, naye akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka akaegemea dirisha. Saa tisa na nusu.

Akaja nilipokuwa. Akaniambia, «Kaka Kakehi, niambie ukweli. Ulipomkuta pale kisimani, kabla hujambonyeza, ulidhani atakwambia nini?»

Ningeweza kusema kitu kikubwa. Mnanijua. Lakini nilikuwa sijala tangu asubuhi kwa ajili ya mchezo wao, nikamjibu kilichokuwepo: «Nilidhani ataniuliza kama nimekula.»

Akakaa palepale sakafuni, mtu na sketi yake ya kazini, akaandika nyuma ya karatasi ya zamu za usafi. Akahesabu. Akafuta neno. Akahesabu tena. Akanipa nihesabu na mimi, nikapata thelathini, akaninyang'anya.

Hirokane alichapa herufi mojamoja. Tukasimama wote nyuma ya skrini, mchezaji akaenda mpaka kisimani, akabonyeza.

«Umerudi. Kula wewe. Mimi sina njaa tena.»

Basi. Hakuna mzimu, hakuna maelezo. Bosi alivua miwani akaifuta na tai, kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Mtu wa mauzo akaenda kuangalia kitu nje. Ijumaa asubuhi Hirokane akaipanda treni ya mwendo kasi na mfuko wenye mchezo mapajani, akafika kiwandani saa nne na robo.

Desemba Daraja la Ukungu liliingia madukani. Likauzwa, ndiyo maana leo mna mahali pa kusomea jarida hili. Kuhusu Otsune hatukusikia lolote mpaka Februari, ikaja barua ya dereva wa lori wa Sendai. Ameandika na penseli. Anasema alirudi kijijini kwa kukosea njia, akambonyeza bibi. Anasema mkewe alifariki mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa anakula akiwa amesimama, chochote kilichopo. Aliposoma maneno yale aliweka pedi chini, akaenda kupika wali, akaketi mezani. Alitaka kujua nani kaandika, ili amshukuru.

Zikaja nyingine. Nilizitunza kwenye gunia chumba cha mtambo, zikawa magunia mawili. Na hakuna iliyokuwa na jina la Bi Tsukuda. Siku hizo makampuni yalikuwa yanaogopa kuibiwa watu, mwisho wa mchezo hatukuruhusiwa kuandika majina ya kweli, kila mtu alijipa la utani. Hirokane alikuwa Mkia wa Kamba. Yeye alikuwa Tiketi ya Basi. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa inamshukuru Bwana Tiketi ya Basi, maana walidhani ni mwanamume.

Mtu wa mauzo alishauri tuseme tulipanga tangu mwanzo, ni ufundi wetu wa hali ya juu. Bi Tsukuda alikataa. Alijibu kila barua kwa mkono, na kila mtu alimwambia vilevile: yule bibi nilisahau kumwondoa, nilipogundua sikuweza. Nilimwambia anaharibu biashara. Akanijibu kwamba mtu aliyepika wali kwa ajili ya maneno yako humdanganyi. Dereva wa Sendai alirudisha kadi ya mstari mmoja: hata yeye wa kwake hakuweza kumwondoa.

Miaka kumi iliyopita tuliutengeneza Daraja la Ukungu upya kwa mashine mpya, na vijana wakaorodhesha makosa ya zamani ili wayasafishe. Yalikuwa mia tatu na kumi na mawili. Namba sabini na nne: marehemu amesimama kisimani sura ya saba. Mashine ya sasa ingemwondoa kwa sekunde moja, bila kusogeza kitu. Karatasi ikapelekwa kwa Bi Tsukuda aweke sahihi, akatia sahihi makosa yote mia tatu na kumi na moja, na hilo moja akalikata kwa kalamu nyekundu. Kijana aliyeleta karatasi alimuuliza kama hilo si kosa. Alimwambia ni kosa, kubwa, la kwake, na litabaki.

Na toleo hilo ndilo la kwanza lililoandika mwishoni, kwa herufi nzima: Hadithi, Tsukuda Fumie. Nililicheza mpaka mwisho, saa arobaini na sita, ili nilione tu.

Anakwenda Tottori, kwenye nyumba ya bibi yake, kulima mapeasi. Nyumba imefungwa muda mrefu, paa linavuja, nimemwahidi nitakwenda mwezi wa tano kulitengeneza, na nikishalitengeneza mimi halitavuja tena, ulizeni humu ndani.

Bi Tsukuda, sisi wa Nejiya tunakushukuru. Watu ishirini na saba walibaki kazini, na sasa tuko mia moja na nne. Wengi waliokula kwa maneno yako hawatakuona kamwe. Sisi tumekuona kila siku, na rula yako. Nenda salama, dada yetu. Ukae vizuri, uzima uwe nawe, mapeasi yazae, na ukifika, washa jiko kwanza.