Mayai ya Piloya Santa

Wana wa Paminano, kabla sijakunjua karatasi hii kila mmoja ashike sikio lake, aape kwamba nitakayoyasoma hayatavuka uzio huu, mmeshika, vizuri, mimi pia niliapishwa kwa sikio hilihili, na sasa nasoma.

Marehemu Piloya Santa, binti wa kaka yangu, alizaliwa tarehe 12 Aprili 1983 hapa Paminano, kaskazini mwa Gulu, akasoma shule ya kijiji hadi darasa la sita, na tarehe 9 Oktoba 1996 waasi wakamchukua akipura ufuta, wakakaa naye msituni miaka tisa, kamanda mmoja akamfanya wake kwa nguvu, na huko akazaliwa Aryemo, mwanawe wa pekee, huyu aliye kando ya jeneza.

Historia za marehemu zikifika hapa husema alifunga ndoa. Piloya hakufunga, na aliyemwita mke wa kamanda alijibiwa, "Mke huposwa, mimi nilibebeshwa risasi na mimba."

Alirudi Agosti 2005, na sote tunajua anayetoka msituni huwekewa yai bichi mlangoni pa boma, akalikanyaga mbele ya watu, ndipo akawa mtu wa nyumbani tena, lakini kaka yake mkubwa, Odokonyero, aliyekabidhiwa boma na baba yao aliyekuwa amezeeka, alisimama pale mlangoni akasema, "Yai ni la anayerudi peke yake, huyu kaja na mbegu ya adui mgongoni," basi Piloya akajenga nje ya uzio, akasaga ufuta na kuuza sokoni, akamsomesha mtoto, na hata baba alipofariki baadaye, siku ya matanga alilia akiwa nje.

Kesi ya yule kamanda ilipofunguliwa Uholanzi, alikuja wakili wa waathiriwa kutueleza kwamba aliyeumizwa naye ana nafasi mahakamani, si ya kuulizwa maswali tu, bali ya kusema lililo moyoni, na Mei 2018 Piloya akapanda ndege akiwa amevaa viatu vyangu. Walimwekea pazia, wakaibadili sauti yake, wakampa namba badala ya jina, naye akaomba pazia liondolewe.

"Waheshimiwa, mimi sikuiba kitu, mbona nijifiche?"

Likaondolewa, tukamwona kwenye runinga kubwa pale shuleni, akimtazama yule mtu mpaka yule akainamisha macho, na jaji alipomuuliza anataka afanyiwe nini, sisi tukitarajia mabati na ng'ombe, akasema, "Nilirudi nyumbani zamani, bado sijapokewa." Palepale Odokonyero akatoka akasahau kofia yake.

Piloya alirudi akitembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, na tangu hapo kila msimu wa mavuno asubuhi yai lilionekana mlangoni pake. Mimi nilimkuta mwekaji amechuchumaa, akanishikisha sikio, "Shangazi, niapie hutasema." Nikaapa, nikaenda moja kwa moja kwa Piloya.

Alicheka akajishika mbavu. "La siri nalikaanga, shangazi. Mimi nimesema mbele ya dunia, yeye kijiji kinamshinda?"

Aliyakaanga yote, mengine nikala mimi.

Alipatwa na saratani ya kizazi, akalazwa Gulu, akafariki tarehe 3 Februari 2024, na tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba, wauza ufuta wenzake, na akina mama wenzake wa kesi waliotoka mbali kuja kumwimbia.

Kaburi limechimbwa ndani, kando ya baba yake, lakini jeneza bado liko nje ya uzio, maana hakuna anayethubutu kulipitisha bila yai. Sasa, mstari huu nimeuandika asubuhi ya leo, baada ya kumwona mtu akipapasa kwenye kiota cha kuku wangu, kwa hiyo nikifika hapa geukeni nyote mtazame mkono wa kulia wa Odokonyero, ulio mfukoni mwa koti tangu ibada ianze. Utoe, mwanangu, taratibu lisipasuke, liweke hapo mlangoni sote tukiona, Aryemo alikanyage kwa niaba ya mama yake, nawe Piloya upite, ukapumzike kwa amani ndani ya boma lenu.