Leighton Petschel, Aliyebonyeza Polepole

Mchungaji, mama yetu Beryl, Simone na Tahlia, majirani wa Rainbow, na nyinyi mliotoka Melbourne na tai za klabu shingoni, familia imenichagua mimi Rhonda, dada wa marehemu, niwasomee, nanyi mnanijua, sina maneno ya kupaka mafuta.

Marehemu Leighton Albert Petschel alizaliwa tarehe 9 Mei 1977 katika hospitali ya Hopetoun, mtoto wa pili wa Mervyn na Beryl, wakulima wa ngano, akasoma shule ya msingi hapa Rainbow na sekondari Dimboola, ambako kwa kweli hakusoma sana, maana kila kengele ikilia alikuwa tayari uwanjani na mpira wake wenye umbo la yai, na baba akasema, "Huyu shamba halimpati tena." Mwaka 1995 klabu moja ya Melbourne ikamchagua, akiwa na miaka kumi na minane, mama akalia, baba akanunua televisheni kubwa.

Tarehe 20 Aprili 1997 alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, akiwa beki, na kazi yake ilikuwa ile ambayo wengine waliikimbia, yaani kurudi nyuma mbio macho yakiwa juu kuufuata mpira unaoshuka, bila kumtazama anayekuja mbele kwa kasi na magoti yaliyoinuliwa, na watu jukwaani walimpenda kwa hilo, wakimpigia kelele, "Petsi, hicho kichwa cha nini kama hukitumii?" huku wakicheka na kumwaga bia, na yeye akiwapungia mkono.

Kiangazi cha mwaka 2001 klabu ilianza kuwapima wachezaji akili kabla ya msimu, kila mmoja anakaa mbele ya kompyuta, karata inafunuka, anabonyeza haraka awezavyo, kisha matokeo yanahifadhiwa, ili akigongwa kichwa katikati ya msimu daktari ampime tena na kulinganisha, na akionekana amepungua asiruhusiwe kucheza. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo alipozikwa, si pale makaburini. Damo Creely, mchezaji mwenzake na rafiki yake wa damu, aliyempokea mjini na kumpa chumba, alimvuta kando siku ile akamwambia, "Bwana we, bonyeza kama umelewa. Ukijifanya mjanja Februari, Julai utakaa jukwaani unakula pai na wazee." Leighton akabonyeza kama mlevi, na kila kiangazi akafanya hivyo, nao chumba kizima kikafanya hivyo, vijana wenye akili timamu wakishindana nani ataonekana mjinga zaidi, na jioni wakichekana, "Wewe leo umekuwa ng'ombe kabisa!"

Alifunga ndoa na Simone tarehe 11 Oktoba 2003, katika kanisa hili hili, na Mungu akawapa Tahlia tarehe 2 Machi 2006. Katikati ya hapo, Julai 2004, goti la mpinzani lilimpata sikioni, akalala kwenye tope mkono mmoja umesimama hewani wenyewe, wakamtoa, wakampima, daktari akasema yuko vilevile kama Februari, na baada ya mapumziko akarudi uwanjani, akamuuliza Damo, "Leo tunacheza na nani?" Damo akacheka, uwanja ukamshangilia, na gazeti likamwita shujaa. Siku za namna hiyo zilikuwa nyingi, Simone anazikumbuka zote, Leighton hakukumbuka hata moja.

Alistaafu mwaka 2009, akauza matrekta Horsham, na watu walinunua kwake kwa sababu ya jina, hadi mwaka 2014 alipopotea akirudi nyumbani kwenye barabara iliyonyooka ambayo hata mbwa wake aliijua. Kisha yakaja yale ambayo mazishini watu huyaficha. Alimsukuma mkewe ukutani, akamwita mwanawe jina la mtu mwingine, na Tahlia akawa analala kiti kimekaza mlango. Hakuwa huyo jamani, hakuwa huyo hata kidogo, na asubuhi alipoambiwa alichofanya alikaa kwenye ngazi za nyuma akilia kama mtoto.

Agosti 2019 jopo la madaktari waliolipwa kuamua nani kaumizwa na mpira apewe fidia lilimwita, likafungua matokeo yake ya zamani ya zile karata, na mkubwa wao akasema, "Bwana Petschel, hata mwaka 2001 ulikuwa mzito hivi hivi. Hakuna kilichopungua." Leighton akasema, "Daktari, nilikuwa nawadanganya, sote tulikuwa tunawadanganya." Akajibiwa, "Basi na leo tukuamini kwa lipi?" Simone akawapigia simu wachezaji wenzake, mmoja baada ya mwingine, waseme ukweli tu, na Damo akamjibu, "Shemeji, sasa hivi nafundisha timu, nielewe." Wengine hawakujibu kabisa. Leighton akakaa miaka mitano akijulikana rasmi kuwa mjinga wa kuzaliwa, akiwauliza waliomtembelea, "Wewe unaniamini?" hata alipokuwa hamjui tena yule anayemuuliza.

Alifariki tarehe 14 Juni 2024, saa kumi alfajiri, katika nyumba ya wazee Horsham, kwa homa ya mapafu, baada ya kusahau jinsi ya kumeza, akiwa na miaka arobaini na saba. Ubongo wake haumo kwenye jeneza hili, aliomba upelekwe kwa watafiti wa majeraha ya kichwa, umekwenda.

Familia inawashukuru wauguzi waliomlisha kijiko kwa kijiko, na majirani waliopanda shayiri yetu bila kuombwa. Kwa wachezaji wenzake, tumesikia mnataka kushikana mabega mumwimbie wimbo wa klabu, kama desturi yenu, na hatukatai. Ila kwanza tunaomba jambo moja, kila aliyewahi kubonyeza polepole asimame.

Tunasubiri. Jeneza halina haraka.

Damo, asante. Na wewe. Na nyinyi wa nyuma pale, vijana wa msimu huu, Mungu wangu, hata nyinyi. Simone, geuka uangalie. Tahlia, geuka mwanangu. Msikae kwanza, acheni wawaone vizuri.

Pumzika sasa, mdogo wetu. Wamesimama.