Gambuti za Dada Vestina

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Dada Vestina, mzaliwa wa Busunzu, mhudumu wa misaada wa kanisa hapa Kibondo. Vestina wa gambuti nyeusi. Ninyi mliokimbia vita mkapokelewa hapa, ndiye aliyewashikisha kikombe cha uji kabla hata ya kuwauliza jina.

Hakuolewa, hakuzaa. Kazi yake ilikuwa kupokea watu. Magari yakija, yupo. Mvua ikinyesha, yupo. Ukimwambia apumzike anakujibu, "Nitapumzika wageni wakiisha." Wageni wa Kibondo waishe lini, jamani?

Ukafika mwaka ule watu walipomiminika. Mablanketi yakaisha, watoto wakaharisha, Vestina akakonda. Asubuhi moja kwenye sala ya wahudumu akaambiwa aombe. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akatoka nje, moja kwa moja hadi dukani kwa rafiki yake Mwajabu, muuza mchele na sukari pale mjini.

"Shoga, naacha kazi," akamwambia. "Nikimwona mgeni anashuka kwenye gari, namchukia. Nitamtumikiaje Mungu hivi?"

Mwajabu ni Mwislamu, Vestina Mkristo. Mwajabu hakumhubiria. Mwenyewe ameniambia hivi: "Nilimtazama, nikaona hapa hakuna dhambi, kuna uchovu. Nikamwambia vua gambuti. Nikazificha nyuma ya magunia ya sukari. Nikamlaza chumbani kwangu kama mzazi."

Mnajua mzazi aliyetoka kujifungua anavyotunzwa. Maji ya moto, uji wa pilipili manga, supu, na hagusi ndoo wala ufagio. Ndivyo alivyotunzwa Vestina, mwanamke ambaye hakuzaa. Majirani wakatania, mtoto yuko wapi? Mwajabu akawajibu, "Wamejaa kule kambini. Leteni kuni."

Ange naye akaja, binti aliyepokelewa na Vestina akiwa mdogo, wakati huo akihudumu naye. Akamkanda miguu, akamwambia kwa lugha ya kwao, "Ruhuka, mama," yaani pumzika. Kisha kwa Kiswahili, "Foleni ya uji naisimamia mimi." Vestina akalia sana. Akalala.

Alipoamka akadai gambuti zake. Mwajabu akakataa, eti arobaini haijaisha. Akadai tena, akanyimwa tena. Mpaka siku alipokaa kitandani, akanywa uji wote, akauliza, "Leo wamekuja wangapi? Wana watoto?" Hakutaja gambuti. Mwajabu akainuka mwenyewe akazileta.

Tangu hapo Vestina akichoka haambiwi. Anakuja, anavua mlangoni, anamkabidhi Mwajabu. Na wenzake akawafanyia vivyo hivyo. Madereva, wauguzi, hata mchungaji mmoja alinyang'anywa viatu akalazwa mchana kweupe.

Mwezi uliopita alikuja tena dukani. Akavua gambuti, akajilaza. Ugonjwa wa moyo ukamzidi. Alikimbizwa hospitali, akafariki, akazikwa kwao Busunzu. Gambuti zimebaki nyuma ya magunia ya sukari.

Mvua zimeanza, na Ange alikwenda kuziomba azivae kazini. Mwajabu amemnunulia nyingine, mpya. Zile hakuzitoa.

"Mwenyewe bado anapumzika," alisema.

Wasikilizaji wapendwa, nami nimemkumbuka Vestina, siwafichi. Nikipita pale mapokezi macho yangu yanatafuta miguu yake kwenye tope. Tunampa pole kaka yake, Mzee Ildefonsi, na familia yote ya Busunzu. Pole Ange. Pole sana Mama Mwajabu, uliyempa mahali pa kuchokea. Mola amlaze pema.

Nanyi mnaonisikiliza, kuna mtu karibu yenu anayebeba wenzake, na kila akiulizwa hali anasema salama. Msimwulize tena. Mpikieni uji. Akikataa kukaa, ficheni viatu vyake.