Germaine Kabedi, Mama wa Meza ya Maulizo

Wachungaji wetu, wakubwa wa ofisi, majirani wa kambi ya treni, na nyinyi mliotoka Kabongo kwa baiskeli kwa sababu treni haikupita, familia inawaomba mkae karibu, mbali na jua, ili iwasomee maisha ya dada yetu Germaine Kabedi, ambaye wengi wenu mlimwita mama wa maktaba.

Germaine Kabedi alizaliwa Kabongo tarehe 14 Juni 1952, mtoto wa kwanza wa mwalimu Kapenda na mama Numbi, katika nyumba ya walimu wa misheni ya Wamethodisti, na tangu utoto wake alikuwa na maulizo mengi kuliko watoto wenzake. Siku moja baba yake aliposoma mezani hesabu ya wana wa Israeli, mtoto akataka kujua ni nani aliyewahesabu, na kama wale waliokuwa wagonjwa siku ile waliandikwa au waliachwa, na baba, badala ya kumnyamazisha, alicheka akamwambia, “Weye endelea kuuliza, minyi nikishindwa utauliza mwengine.”

Alisoma shule ya msingi hapo Kabongo, kisha mwaka 1965 akaja Kamina kwa masomo ya sekondari, ambayo aliyamaliza mwezi wa sita 1971, na kuanzia 1972 hadi 1975 alijifunza kazi ya maktaba kule Lubumbashi. Ni miaka ile ile majina ya ubatizo yalipokatazwa, kwa hiyo kwenye karatasi zake zote za serikali aliandikwa Kabedi tu, lakini kanisani na nyumbani hakuna aliyeacha kumwita Germaine.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa hapa Kamina na ndugu Kasanda Zacharie, fundi wa injini za treni, na Mungu akawapa watoto watatu, Éliane aliyezaliwa 1978, Béni 1981 na Abigaïl 1985. Bwana wake anatuambia kwamba walijuana kituoni, baada ya Germaine kumsimamisha, mikono yake ikiwa imejaa mafuta, ili amweleze kwa nini injini inayopanda hupiga kelele tofauti na ile inayoshuka, na kwamba alieleza mpaka jua likazama, akaona afadhali aje tena kesho yake.

Kuhusu kazi, marehemu alifundisha kidogo, halafu mwezi wa pili 1981 akaingia katika Ofisi ya Ukaguzi, ile inayoangalia kama kazi za serikali zinafanywa jinsi zilivyoandikwa, na mwaka 1988 akapewa kuongoza huduma yake ya maktaba na utafiti. Wakaguzi walikuwa wakimletea maulizo kabla ya kwenda njiani, naye aliwatafutia sheria, ripoti na taarifa za zamani, lakini hakuridhika na rafu zake peke yake. Mwaka 1989, alipokuta ripoti mbili zikisema kwamba wanawake wa Kinkondja wamejengewa nyumba ya kukaushia samaki, aliomba ruhusa, akapanda lori, akamaliza safari kwa mtumbwi, akawauliza wanawake wenyewe kando ya ziwa Kisale nyumba hiyo iko upande gani, na mmoja wao, mikono ikinuka moshi, akamjibu, “Ile nyumba? Minyi njo naiskia kwako, mama.” Alirudi Kamina na samaki wa watoto, na ripoti ya tatu.

Mwaka 1993, wakati familia nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa na kulala kwa majuma kituoni zikingoja treni, Germaine alikuwa akipeleka maji na uji pamoja na wamama wa kanisa, na huzuni ile aliibeba kwa namna yake, kwa sababu aliporudi ofisini alianza kutafuta ni nani, kwa sheria ya nchi, anayepaswa kumfikisha mtu kwao anapokuwa ameachwa njiani. Alisoma jambo hilo miezi mingi bila mtu kumtuma. Ndugu Zacharie, ambaye babu yake alitoka Luputa, huko Kasai, alimwomba mara kwa mara apumzike, na yeye akamjibu kwamba angeweza kupumzika kama angejua.

Mapema mwaka 1997 vita vilikaribia mji wetu. Askari waliokuwa wakikimbia waliingia katika ofisi, wakitoa milango na viti na kuwasha moto kwa karatasi, na mkubwa wa Ofisi ya Ukaguzi wa wakati ule alikuwa ameshaondoka na jamaa yake kwenda Lubumbashi, akimwachia Germaine funguo. Dada yetu alimwita Ngoie, mwandishi wa mashine wa ofisi, wakawaita wamama wa kwaya, na kila mmoja akaja na beseni kichwani, wakapanga vitabu chini na sombe, majani ya muhogo, juu yake, ili wavigawanye katika nyumba zao mpaka mambo yatulie.

Kwenye njia ya reli askari mmoja aliwasimamisha, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akaelekeza bunduki kwenye beseni la Germaine, aliyekuwa mbele.

“Mama, iko nini mule?”

Ngoie anasema kwamba kila mmoja alitazamia Germaine aseme sombe, lakini dada yetu hakujua kusema nusu ya jambo.

“Iko sombe, na chini yake iko bitabu ya sheria. Tunaangaliaka ndani kama serikali inafanya yenye iliandika.”

Askari akatoa majani kwa ncha ya bunduki, akaangalia vitabu muda mrefu, na wamama wakaanza kuomba kimoyomoyo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuchekwa, “Muaskari akikufa, bibi yake na batoto, sheria inasema banabafanya nini?”

“Nani alikufa?” Germaine akauliza.

“Mwenzangu. Bibi yake Élisa iko kule base ya baskari na batoto bane. Kwabo ni Kananga. Hana muntu hapa.”

Basi Germaine alitua beseni kando ya reli, akapiga magoti kwenye mawe, akatafuta kitabu alichokuwa amekisoma sana tangu 1993, na hapo hapo, risasi zikisikika upande wa uwanja wa ndege, akamsomea kwamba serikali inapaswa kumrudisha mjane na watoto mpaka kwao. Akamwandikia maneno yale na jina la sheria. Yule askari alikunja karatasi, akaiweka ndani ya kofia yake, akawaambia, “Mupite mbio, na ile bitabu muifiche muzuri.” Wamama wakapita, na tangu siku ile hakuna aliyejua habari zake, ingawa Germaine aliendelea kuuliza.

Vitabu vilirudi ofisini karibu vyote, vingine na harufu ya moshi wa jikoni. Mwezi wa tatu 1998 Élisa akafika mlangoni na watoto wake na karatasi ile, na mkubwa mpya wa ofisi, bwana Likoke, ambaye yupo hapa nasi na ameturuhusu tusimulie hili, akamwambia Germaine, “Madame, ile ilikuwa serikali ya zamani.”

“Serikali iligeuka, bwana,” akajibu, “lakini sheria yenye iliifuta hii, minyi sijaiona. Nipe wakati nitafute.”

Akatafuta kweli, akaandikia Lubumbashi na Kinshasa, akihangaika kuona kama yeye ndiye aliyekosea, na alipokosa kabisa chochote kilichoifuta, aliweka majibu yote mbele ya bwana Likoke na kungoja. Bwana Likoke alisoma siku mbili, akatia sahihi kwamba serikali iwasafirishe, na mwezi wa sita Élisa na watoto walipanda treni ya Kananga, Zacharie mwenyewe akiwa amekagua injini.

Baada ya hapo, bwana Likoke alikubali kwamba kila Jumatano meza ya maktaba iwe wazi kwa raia yeyote mwenye ulizo. Vita vya pili vilipoanza Agosti 1998, na wakimbizi kujaa Kamina, watu walipanga foleni mpaka nje, wengine wakitaka kujua jinsi ya kupata tena cheti cha shule iliyoungua, wengine kama chifu anaweza kuwatoza kuni, na mzee mmoja wa treni akataka tu kuambiwa kwa nini reli inapinda kabla ya mji. Hata huyo alitafutiwa, na jibu likapatikana.

Ugonjwa wa figo ulijionyesha mwezi wa tatu 2000, kwa kuvimba miguu, na katika hospitali dada yetu alimwuliza daktari maulizo mengi hata daktari akamletea kitabu chake. Akakisoma, akamwambia Abigaïl, “Sasa nimefahamu. Usilie sana, ni jambo lenye linaeleweka.” Alituacha Jumapili tarehe 8 Oktoba 2000, asubuhi, wakati wa ibada ya kwanza, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Zacharie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walimjibu kila mara bila kumficha, majirani wa kambi ya treni waliopika na kuchota maji, wamama wa kwaya, bwana Likoke na wafanyakazi wote wa Ofisi ya Ukaguzi. Na kwa wale ambao maulizo yao yalibaki mikononi mwake, mama Ngoie anawajulisha kwamba kesho ni Jumatano, na mlango utafunguliwa saa mbili.

Dada Germaine, pumzika sasa katika amani ya Bwana, na yale uliyokuwa bado unayatafuta, yeye mwenyewe akueleze.